Treni ya DMU ikigoma, liulize kwanza behewa la jirani

Juzi dogo mmoja anayesoma mambo ya reli kule Tabora kapita gereji kwangu hapa Moshi, kanikuta chini ya koasta nimejaa oili mpaka masikioni, akachuchumaa akasema shikamoo mzee, eti treni isiyo na kichwa ikigoma fundi unaanzia wapi? Nikacheka kwanza. Afu nikajiburuta nikatoka, nikamwambia swali zuri sema jibu refu, basi ndo hili hapa naandika, na nyie wengine mnaoniulizaga kila mmoja kivyake someni humu humu.

Tuelewane kwanza tunaongelea nini. Treni yetu ya Dar kuja Moshi na Arusha, ile iliyorudi Desemba 2019 ikafika Arusha 2020, ina kichwa mbele kinavuta, mabehewa nyuma yanafuata tu. Kichwa kikifa, mmelala porini. Mchongoko wa Dar–Dodoma mmeuona, hauna kichwa cha kuvuta, mota zimegawanywa kwenye mabehewa na umeme unatoka juu kwenye waya. Sasa toa huo waya wa juu, weka injini ya dizeli imening'inia chini ya sakafu ya behewa, hiyo ndo DMU. Majirani zetu Nairobi wanazo, walinunua za mtumba kutoka kisiwa cha Mallorca huko Hispania, zao ni za mjini. Mi hapa naongelea zile kubwa za masafa, za kutoka mji hadi mji, na mfano wangu mkuu ni ya Uingereza inaitwa Class 220, jina la mtaani Voyager, imetengenezwa na Bombardier miaka ya 2000 na 2001, seti 34 za mabehewa manne manne. Kila behewa lina injini yake, Cummins QSK19, lita 19, farasi 750, imelazwa ubavu ili ienee chini ya sakafu. Mwendo kilometa 200 kwa saa.

Kwa wale wa gereji: 1HZ ya koasta ni silinda sita lita 4.2. Hii nayo silinda sita, ila silinda moja tu ina zaidi ya lita 3. Piga picha hapo. Lakini ni dizeli ile ile, inataka hewa, mafuta, maji na oili, na inaugua magonjwa yale yale.

Tofauti ni moja na ndo utamu wa kazi yenyewe. Koasta ikikuletea shida huna cha kulinganisha nayo, unabaki na kumbukumbu zako na ubishi wa dereva. DMU inakuja na majibu yake, kwa sababu behewa linaloumwa limefungwa na mabehewa mengine yenye injini ile ile, umri ule ule, mafuta yale yale, limetoka safari ile ile saa ile ile. Kwahiyo kabla hujashika spana nenda kwa jirani. Shika hozi zake, sikiliza mlio wake, soma namba zake kwenye kompyuta, afu rudi kwa mgonjwa. Likiumwa behewa moja, shida iko kwenye hilo behewa. Yakiumwa yote kwa pamoja acha injini, tafuta wanachoshirikiana: dizeli ya tanki la depo (karakana treni zinakolala), waya unaopita treni nzima, hali ya hewa, au dereva mwenyewe. Nimeona watu wanashusha pampu nne wakati tatizo ni maji kwenye dizeli waliyojaza asubuhi.

Haya, tuingie kazini. Ila kabla ya kuingia chini ya behewa: injini imefungwa isiweze kuwashwa na mtu aliyeko kabini, magurudumu yamewekwa kabari, na kama injini yake inazalisha umeme wa kuzungusha magurudumu, kama hiyo Voyager, usishike boksi lolote la nguvu mpaka umesubiri muda ulioandikwa pale kwenye kibao na ukapima kwa mita, kuna kapasita mle ndani zinabaki na umeme hata injini ikishazimwa. Hapa sitanii.

INACHEMSHA

Hili ndo nitakalolisema sana kwa sababu ndo ugonjwa mkuu wa treni zenye injini chini. Fikiria rejeta iko wapi. Kwenye gari iko mbele, inapigwa na upepo safi. Kwenye DMU nyingi iko chini ubavuni, sentimita chache kutoka kwenye kokoto, na feni inavuta kila kilichoko chini: vumbi, majani makavu, karatasi, mavi ya mbuzi yaliyokauka, kila kitu. Treni ya hivi ukiipitisha Same na Mwanga mwezi wa tisa, na ule upepo tunaoujua, rejeta inageuka tofali.

Nilifanya kazi miaka kadhaa kwenye depo moja nje ya nchi, jina halina haja. Ilikuja unit, yaani seti, ya mabehewa matatu, la katikati linachemsha kila mlima. Wenzangu wa shifti ya usiku wamebadilisha thamostati, kile kilango kinachofungulia maji yaende kwenye rejeta injini ikipata moto. Haikusaidia. Wakabadilisha pampu ya maji. Wapi. Wakaanza kuongea habari za silinda hedi, na kufungua hedi chini ya treni sio sawa na kufungua hedi ya Noah, unaongelea siku. Rejeta wameikagua? Wameikagua, wamemulika tochi kwa nje, inang'aa, imeoshwa juzi.

Mzee mmoja pale, mkimya, hakugusa kitu. Aliwasha injini zote tatu akaziacha zipate moto, akachukua kipima joto kile cha kulenga kama bastola, akapima hozi ya kuingia kwenye rejeta na hozi ya kutoka. Behewa la jirani: inayoingia moto, inayotoka imepoa vizuri. Behewa gonjwa: inayoingia moto, inayotoka moto karibu sawasawa. Akatikisa kichwa. Maana yake nini? Maji yanapita vizuri, pampu nzima, thamostati imefungua, ila yanapita kwenye rejeta bila kupoteza joto. Hewa haipiti. Ingekuwa thamostati imekwama au pampu imekufa ungekuta inayoingia inaunguza mkono na inayotoka ya baridi. Pima hivyo na wewe, dakika mbili tu, inakutenganishia magonjwa mawili ambayo watu wanayachanganya kila siku.

Tukafungua ule mkusanyiko wote. Kumbe zile ni rejeta mbili zimebebana, ya nje ya kupoza hewa ya turbo na ya ndani ya maji, na katikati kuna nafasi kama ya vidole viwili. Ya nje safi kabisa. Katikati mle nikaingiza spoku ya baiskeli nikavuta, ikatoka sufi. Namaanisha manyoya ya mbegu za miti ya kule, yanapeperuka mwanzoni mwa kiangazi chao, yamenyonywa kidogo kidogo yakapita kwenye mapengo ya rejeta ya kwanza yakanasa kwenye ya pili, yamelowana na oili yamekandamizwa, limetoka pande zima limeshikana kama kipande cha godoro. Na kila walivyoosha kwa presha kutoka nje walikuwa wanalisindilia zaidi. Rejeta inaoshwa kutoka ndani kuja nje, uchafu urudi ulikotokea, presha ndogo usije ukalaza mapezi yake.

Sababu nyingine za kuchemsha nazipitia haraka. Feni: nyingi zinazungushwa na mota ya haidroliki, sio fen belti, kwahiyo oili ya haidroliki ikipungua au valvu yake ikigoma feni inazunguka kivivu, na kwa macho utasema mbona inazunguka. Linganisha na ya jirani. Kulanti, yaani maji ya kupozea injini: mtu kaongeza maji ya bomba miezi sita, ndani kumejenga magadi, na maji yetu ya huku hasa upande wa Arusha na Meru mnayajua yalivyo na madini, meno yetu ni ushahidi. Mwisho kabisa ndo gaskiti ya hedi. Mwisho kabisa nimesema.

INAZIMA YENYEWE NJIANI, ZINGINE ZINAENDELEA

Abiria hata hajui, taa zinapepesa kidogo basi, treni inasonga na injini tatu. Hapa watu wanakimbilia mafuta. Mi nakimbilia kipimo cha kulanti. Injini nyingi za hivi zimewekewa sensa, maji yakishuka chini ya alama kompyuta inaizima kabla haijajiua. Sasa ukiongeza maji inawaka, kila mtu anafurahi, kesho inazima tena. Swali sio "mliongeza?", swali ni "mliongeza lita ngapi, behewa lipi, na jana je?" Daftari la kila behewa peke yake. Ukikuta namba 3 inakunywa lita kumi kila siku mbili na wenzake hawagusi kitu, umeshampata mwizi. Tafuta mstari mkavu wa rangi ya kulanti chini ya hozi, kaza klipu, pima presha injini ikiwa imepoa. Hakuna tone nje? Chomoa dipstiki. Oili ikiwa rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia ndani, pole.

Kama kulanti iko sawa, angalia vitufe vya kuzimia injini vya nje, ubavuni mwa behewa. Kokoto likiruka likakipiga, au muosha treni akikilenga na bomba, kinabaki kimebonyea nusu. Kuna siku tulipoteza saa nne kwa kitufe.

Afu ndo uende kwenye mafuta: filta ya kwanza, kikombe cha kutenganisha maji, hewa kwenye laini. Dizeli ikikaa na maji tankini inaota utelezi mweusi kama kamasi, huo ukishaingia kwenye filta injini inakosa pumzi ukiidai nguvu, lakini ikiwa sailensi, yaani imewaka bila kudaiwa nguvu, inanguruma vizuri tu kama haina shida. Ukiona hivyo kwa mabehewa yote, kachunguze tanki la depo, usisumbue treni za watu.

INANGURUMA ILA TRENI HAIENDI

Dogo hapa akaniambia giaboksi. Nikamwambia mlango.

Treni hizi hazikubali kuvuta mpaka kila mlango umethibitisha kwamba umefungwa. Mkanda wa begi la mtu, jiwe kwenye reli ya mlango, swichi imelegea milimita mbili, basi, hupati nguvu, na dereva kule mbele anakwambia injini mbovu. Angalia taa ya milango. Afu angalia kama kuna abiria kavuta kengele ya dharura, mtoto anapenda sana ile. Afu presha ya upepo wa breki, ikiwa haijafika kiwango breki hazijaachia. Hivyo vitatu ni vya bure, havihitaji hata kutoka na spana, na vinamaliza kesi nyingi kuliko mafundi tunavyopenda kukiri.

Vikiwa sawa na behewa moja tu ndo halivuti, hapo sasa inategemea nguvu inapitaje kwenda kwenye magurudumu. Na hapa Waingereza wametusaidia wanafunzi, kwa sababu wana treni nyingine ya rika lile lile, Class 180 ya Alstom, seti 14 za mabehewa matano, injini ile ile ya QSK19 farasi 750, mwendo ule ule, ila nguvu inapita kwenye giaboksi ya haidroliki ya Voith. Voyager yenyewe injini inazungusha jenereta, umeme unaenda kwenye mota. Injini moja, njia mbili, na dalili mbili tofauti.

Ya haidroliki ikiwa na shida utasikia injini inapanda resi kirahisi kama gari lililo kwenye nyutro, haina mzigo, maana oili haijajaa kule ndani kwenye konveta, sehemu ya giaboksi inayopitisha nguvu kwa oili. Cheki kiwango cha oili ikiwa na joto linalotakiwa, sio ya baridi, afu filta, afu valvu. Oili ikinuka kuungua ujue imekuwa ikichemka muda mrefu na rejeta yake, ndiyo, ile ile, ina uchafu.

Ya umeme haikupi mlio, inakupa ujumbe kwenye skrini, na ujumbe unaonisumbuaga zaidi ni ule wa umeme kuvuja kwenda bodi. Unakuja mvua ikinyesha, jua likitoka umepotea, ukiipeleka depo inapima safi wanakuona muongo. Usiipime ikiwa kavu. Mwagia maji sehemu moja moja kwa utaratibu, kebo ya mota ya kwanza, subiri, pima, ya pili, subiri, pima. Utaipata mahali kebo inapokwaruza bano.

Na hapo kwenye maji lazima niwape kisa cha Dawlish. Ni mji wa kusini magharibi mwa Uingereza, reli imepita kabisa ukingoni mwa bahari, wimbi likija na dhoruba linaruka ukuta linamwagikia treni. Voyager zina vifaa juu ya paa vya kuunguza umeme unaozalishwa wakati wa kufunga breki. Maji ya chumvi yakivilowesha, kompyuta inaona mambo yasiyoeleweka inajizima, treni inasimama. Injini nzima, mota nzima, hakuna kilichovunjika. Kilichotibiwa ni programu ya kompyuta. Ningekuwa mimi siku ya kwanza nadhani ningefungua nusu ya treni.

MOSHI

Mweusi: mafuta mengi hewa kidogo. Filta ya hewa, hozi ya turbo iliyopasuka, turbo yenyewe. Kumbuka na mlima, Moshi tuko mita 800 na kitu, Arusha ni 1,400 hivi, hewa inapungua, kwahiyo moshi kidogo kwa injini zote ukipanda sio ugonjwa. Moja ikitoa wingu na wenzake hawatoi, hiyo ndo unayoifungua.

Mweupe asubuhi baridi ukaisha ndani ya dakika chache, achana nao. Mweupe usioisha na una harufu tamu tamu, ni kulanti inaungua. Wa bluu ni oili, lakini injini iliyolazwa ubavu ikilala usiku kucha inaweza kutoa bluu kidogo asubuhi, subiri ipate moto ndo uhukumu.

KOK KOK KOK CHINI YA SAKAFU

Abiria watakwambia gurudumu limelegea. Mara nyingi ni gurudumu limepata bapa, breki zilishika likaburuzwa badala ya kuzunguka, labda reli ilikuwa na majani au umande. Mtu asiyejua anachanganya na mlio wa maungio ya reli. Piga hesabu: gurudumu la kipenyo cha mita 0.84 mzunguko wake ni kama mita 2.64, kwa kilometa 60 kwa saa linagonga mara sita kwa sekunde. Maungio ya reli za mita 12 ungesikia mara moja na nusu hivi kwa sekunde. Kwahiyo mlio wa haraka haraka ni gurudumu, wa taratibu ni reli. Tembea ndani mpaka upate behewa lenye mlio mkubwa, halafu ulipeleke kwenye mashine ya kuchonga. Ila usiishie hapo, uliza kwa nini breki za hilo behewa zilishika na za jirani hazikushika. Kuna kifaa cha kuzuia magurudumu yasiburuzwe, sensa yake ikifa unachonga leo unachonga tena mwezi ujao.

Mtikisiko ni kitu kingine, huo usiupe hata safari moja. Ukisikia sakafu inatetema kwenye mwendo fulani tu na ukizidi inaacha, kagua shafti, krosi zake (viungo vya shafti), na boliti zote zinazoning'iniza vitu chini. Tarehe 27 Mei 2011 kule Hokkaido, Japani, treni ya dizeli ya masafa aina ya KiHa 283, Super Ōzora, ilidondosha vyuma vya mfumo wa kupeleka nguvu kwenye magurudumu, ikatoka relini, ikasimama ndani ya handaki, ikawaka moto. Watu walitembea gizani kwenye moshi mpaka nje. Hakufa mtu, ni bahati ya Mungu. Kwahiyo ukimuona fundi anapiga boliti na nyundo ndogo moja baada ya nyingine anasikiliza mlio, usimcheke.

UNIT MBILI HAZITAKI KUONGEA

Zimeungana, zinavutana, ila kabini ya mbele haizioni injini za nyuma. Pini za umeme kwenye kapla, kile kiungio cha unit na unit, zimeingia vumbi au unyevu. Brashi laini na dawa ya kusafishia, sio msasa jamani, msasa unatoa ule mpako na kesho pini inashika kutu. Na hakikisha kwanza hizo unit zinaelewana kwa asili yake. Class 222 ni ndugu wa Voyager, injini ile ile, sura karibu ile ile, lakini umeme wake wa kwenye kapla umepangwa tofauti hazifanyi kazi pamoja. Wadenmark nao waliagiza seti 83 za DMU inayoitwa IC4 mwaka 2000, zikachelewa miaka na miaka, na moja ya kero zake ilikuwa hiyo hiyo ya kuunganisha seti zikafanya kazi kama treni moja. Seti moja ikaja kugundulika iko Libya, imerembwa kama ikulu ya Gaddafi, hiyo hata mimi sina spana yake.

AC HAIPOZI

Behewa moja la moto, la jirani unatetemeka. Kabla hujaita mtu wa gesi chomoa filta ya hewa uigonge chini mara mbili. Kwa vumbi la huku, likitoka la kujaza kopo, rudisha filta mpya afu kaa kwenye kiti dakika kumi uone.